Baba na Binti Yake Waenda Chuo Kikuu Kutazama Kazi ya Uandishi wa Habari

Mkulima wa milima ya Taita hapandi shamba zima kwa mbegu asiyoijua. Hujaribu tuta moja kwanza, akatazama jua litafanya nini na wadudu watafanya nini, ndipo msimu wa pili atoe fedha zake. Mwezi wa Agosti 2023 mkulima mmoja wa upande wa Wundanyi, alimaye kabichi, nyanya na pilipili hoho, aliifuata desturi hiyo hiyo katika jambo la elimu ya mtoto wake.

Binti yake alikuwa kidato cha tatu katika shule ya kutwa. Alikuwa amewaambia wazazi wake kwamba akipita mtihani wa kidato cha nne, ataka kwenda chuo kikuu kusomea uandishi wa habari. Mama yake alifurahi. Baba, aliyekuwa akitumaini kwamba binti huyo atakuwa mwalimu au afisa wa kilimo, hakumkatalia wala hakumkubalia. Alinyamaza siku nyingi, kisha akasema, "Twende tukaione kazi yenyewe kwanza. Nikiisha kuiona nitajua la kusema."

Watu wa kijijini walijua sababu ya kusita kwake.

HABARI YA MABOMBA

Mwaka ule nyumba za kijiji hicho zilikuwa zimechanga shilingi 500 kila moja, ili yanunuliwe mabomba ya kuleta maji kutoka chemchemi iliyo juu ya mlima. Fedha zilikabidhiwa mweka hazina wa kamati ya maji, mzee mwenye heshima zake. Miezi mitatu ikapita, na mabomba hayakuonekana. Wanawake waliokuwa wakiteremka na ndoo kila alfajiri walianza kunong'ona sokoni kwamba mzee amekula fedha.

Binti huyo aliyasikia maneno hayo, akayaandika. Shule yao ilikuwa na gazeti la ukutani lililotengenezwa na wanafunzi wenyewe na kubandikwa kila Ijumaa karibu na ofisi ya mwalimu mkuu. Habari yake ilikuwa fupi, yenye sentensi nne tu, lakini jina la mweka hazina lilikuwamo, na neno la kula fedha lilikuwamo. Kufika Jumapili, kijiji kizima kilikuwa na habari hiyo.

Jioni ya siku ile mzee alifika nyumbani kwao peke yake. Hakupiga kelele. Aliketi, akakataa chai, akatoa karatasi mfukoni na kuiweka juu ya meza. Ilikuwa stakabadhi ya duka moja la Voi. Mabomba yalikuwa yamekwisha nunuliwa yote, nayo yamelala ghalani kwa mwenye duka kwa sababu kamati haikuwa na fedha za kukodi lori la kuyapandisha mlimani.

Siku ya pili baba alimchukua binti yake mbele ya baraza la kijiji, na wote wawili wakaomba radhi. Mzee aliwasamehe kwa mdomo mbele ya watu. Hata hivyo mke wake alikaa miezi miwili bila ya kumwitikia mama wa binti huyo walipokutana sokoni, na watu waliona.

Basi baba alipokuwa akisikia neno uandishi wa habari, alikuwa akiiona stakabadhi ile juu ya meza.

SAFARI

Mwalimu wa Kiswahili wa shule ndiye aliyewasaidia. Aliandika barua kwa Chuo Kikuu cha Nairobi, katika idara inayofundisha uandishi wa habari na mawasiliano, akaeleza kwamba mwanafunzi wake pamoja na mzazi wangependa kufika kuuliza maswali. Jibu lilikuja kwamba waje.

Nauli ilitoka katika mauzo ya nyanya za wiki ile. Waliondoka Wundanyi kwa matatu, wakapita Mwatate mpaka Voi, na hapo wakapanda treni ya reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017. Binti alitazama nyika ya Tsavo dirishani, na ndovu wenye rangi nyekundu ya vumbi. Baba alisoma gazeti la Taifa Leo alilolinunua Voi, akalisoma kutoka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, kisha akarudia ukurasa wa kwanza. Usiku walilala kwa shangazi wa binti huyo mjini Nairobi.

Asubuhi walikwenda kwa miguu wakafuata barabara ya Harry Thuku. Yafaa ikumbukwe kwamba barabara hii ina historia ya magazeti. Harry Thuku mwenyewe, kabla hajawa kiongozi wa watu na kabla hajawa karani wa simu katika ofisi ya Hazina, alifanya kazi ya kupanga herufi katika kiwanda cha gazeti la Leader mjini humo. Mwezi wa Machi 1922, alipokuwa amefungwa, watu walikusanyika mbele ya kituo cha polisi kilicho karibu na hapo kudai afunguliwe, wakapigwa risasi. Leo katika barabara hiyo hiyo imesimama nyumba ya Shirika la Utangazaji la Kenya, na chuo kikuu ki jirani.

Chuo chenyewe kilianza kupokea wanafunzi mwaka 1956 kikiitwa Chuo cha Ufundi cha Kifalme cha Afrika Mashariki. Mwaka 1970 ndipo kilipopata kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka ule ule, kwa msaada wa UNESCO, ikaanzishwa shule ya uandishi wa habari. Kabla ya hapo waandishi wengi wa nchi hii walijifunza kazini, wakimtazama aliyewatangulia. Jomo Kenyatta alipokuwa mhariri wa Muigwithania mwaka 1928 hapakuwa na shule ya namna hiyo ya kumfundisha. Tangu mwaka 1963 Taasisi ya Kimataifa ya Magazeti iliendesha mafunzo Nairobi chini ya Tom Hopkinson, aliyekuwa mhariri wa Picture Post huko London na baadaye wa Drum huko Afrika Kusini. Naye Hilary Ng'weno, Mwafrika wa kwanza kuwa mhariri mkuu wa Daily Nation, na mwanzilishi wa The Weekly Review mwaka 1975, alikuwa amesomea fizikia katika chuo kikuu cha Harvard.

MASWALI MATATU

Askari wa mlangoni alitazama kitambulisho cha baba na barua ya chuo, akawaelekeza. Mhadhiri aliyewapokea alikuwa mama wa makamo aliyekuwa amefanya kazi ya gazeti miaka mingi kabla ya kuanza kufundisha. Aliwakaribisha, akawauliza habari za mvua ya Taita, kisha akasema, "Mzee, mwanzo ni wako. Uliza ulilo nalo."

Baba alikuwa ameandika maswali matatu nyuma ya bahasha.

Swali la kwanza lilikuwa: mtu husoma nini hata imchukue miaka minne, na kuandika alikwisha jifunza shule ya msingi? Mhadhiri hakuchukizwa. Alimweleza kwamba mwanafunzi hufundishwa kutafuta habari na kuiandika, kuhariri kazi ya mwenziwe, kupiga picha, kutengeneza vipindi vya redio na televisheni, na kuandika kwa ajili ya intaneti, ambako wasomaji wengi wamekwisha hamia. Tena hufundishwa sheria, maana mtu aliyeandikiwa uongo anaweza kumshtaki mwandishi mahakamani kwa kumkashifu na akalipwa fidia. Kadhalika husoma siasa, uchumi na historia, kwa kuwa asiyejua bajeti ya kaunti husomwaje hawezi kujua fedha zimepotelea wapi. Baada ya hayo hupelekwa katika nyumba ya habari kwa muda ili ajifunze kazi mikononi mwa wenyewe.

Baba alitikisa kichwa, akaweka alama mbele ya swali la kwanza.

Swali la pili lilikuwa: atakula nini? Hapa mhadhiri hakupaka asali. Alisema kwamba wako wenye mishahara mizuri, lakini wako wengi zaidi, hasa mashambani, ambao hulipwa kwa kila habari iliyochapwa, na isiyochapwa hailipwi. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, nyumba kubwa za habari nchini zilipunguza mishahara na kuwaachisha kazi wengi. Matangazo ya biashara yaliyokuwa yakiyalisha magazeti yamekimbilia kwenye simu. Kwa upande wa pili, serikali za kaunti 47 zilizoanza mwaka 2013, mashirika, hospitali na makampuni huajiri watu wajuao kueleza mambo kwa maandishi yaliyo wazi. Redio za Kiswahili na za lugha za nyumbani zimekuwa nyingi tangu serikali ilipoacha kuwa mtangazaji peke yake katika miaka ya 1990.

"Sitakudanganya, Mzee," alisema. "Atakayekuja hapa kutafuta utajiri atarudi akilia. Na anayekuja kwa sababu anataka sura yake ionekane kwenye televisheni, huyo hamalizi mwaka wa pili."

Baba alikaa kimya kidogo. Akasema kwamba hata nyanya zina msimu ambao hazirudishi fedha ya dawa, na bado watu wanalima. Akaweka alama ya pili.

SWALI LA TATU

Swali la tatu hakulisoma kutoka bahashani. Alisimulia habari ya mabomba tangu mwanzo mpaka mwisho, pamoja na baraza na yale ya sokoni, huku binti yake ametazama chini. Kisha akasema, "Mwalimu, kazi hii hushika majina ya watu. Jina la mtu likivunjika halina fundi. Nyinyi mwafanyaje?"

Mhadhiri hakumjibu baba. Alimgeukia binti, akamwuliza kwa upole, "Ulimwuliza mwenyewe?"

"La," alisema binti.

"Ulimwuliza mwenyekiti wa kamati? Uliomba kuona kitabu cha hesabu?"

"La, Mwalimu."

"Wale mama wa sokoni, je? Wao walijuaje?"

Binti alifikiri. "Hawakujua. Walikuwa wamechoka kuchota maji."

Mhadhiri akamwomba baba lile gazeti alilokuwa amelikunja kwapani, akalitandaza mezani. Akampa binti kalamu nyekundu na kumwambia achague habari moja, apitie kila sentensi, na pembeni mwake aandike: mwandishi alijuaje? Aliona mwenyewe, aliambiwa na nani, au alisoma katika hati gani? Binti alifanya kazi hiyo kwa nusu saa. Baba alisogeza kiti akatazama. Ziko sentensi zilizopata jibu mara moja. Ziko mbili ambazo hazikupata, na mhadhiri akasema kwamba hata wakubwa hukosea, na ndiyo sababu msomaji naye yampasa kushika kalamu nyekundu.

Kisha binti akaambiwa aandike zile sentensi zake nne za gazeti la ukutani. Alizikumbuka zote. Akazipitia kwa kalamu ile ile, na hapakusalia hata moja.

Ndipo mhadhiri alipowaeleza mambo yaliyomo katika sheria. Katiba ya 2010 yampa kila mtu uhuru wa kusema na yavipa vyombo vya habari uhuru wao, lakini katiba hiyo hiyo yataka mtu anayetumia uhuru wa kusema aheshimu jina la mwenzake. Sheria ya Baraza la Habari ya mwaka 2013 iliweka kanuni za mwenendo: habari iwe ya kweli na ya haki, na kosa likijulikana lisahihishwe upesi. Mwenye kuonewa na gazeti aweza kupeleka malalamiko yake mbele ya tume iliyowekwa na sheria hiyo. Tena iko Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayompa raia haki ya kuomba hati za ofisi za umma, na afisa anatakiwa kumjibu katika siku 21. Kamati ya kijiji si ofisi ya serikali, lakini kitabu chake cha hesabu ni cha waliochanga, na mwenye kuchanga ana haki ya kukitazama.

"Sasa nisikilize," alimwambia binti. "Lilikuwapo swali la haki katika jambo lile. Watu wametoa fedha, na miezi mitatu hawaoni maji. Kuuliza kwako hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kujibu kabla ya kuuliza. Sababu ya mabomba kulala Voi ilikuwa habari nzuri kuliko ile uliyoandika, nawe ulikuwa na siku nzima ya kuitafuta."

Baba hakuweka alama ya tatu. Aliikunja bahasha akaitia mfukoni.

Kabla ya kuondoka walionyeshwa wanafunzi waliokuwa kazini. Mmoja alikuwa akisoma taarifa mbele ya kipaza sauti, na mwenziwe akimsahihisha matamshi. Mwingine alikuwa ameshika habari yake iliyorudishwa na mwalimu mara ya tatu kwa sababu hesabu za bei ya mahindi hazikulingana. Baba alimwuliza kijana huyo kama hachoki. Kijana alicheka, akasema kwamba mara ya kwanza alikasirika, na mara ya pili alikasirika, lakini mara ya tatu ndipo alipogundua kwamba aliyempa hesabu zile alikuwa muuzaji mwenyewe.

KURUDI NYUMBANI

Katika treni ya kurudi hawakuzungumza sana. Walipofika Voi, baba alisema, "Kabla hatujapanda mlima, na tupite pale dukani."

Mabomba yalikuwa bado ghalani. Mwenye duka aliwaonyesha, akawaambia ni siku gani yalilipiwa, na ni mara ngapi mzee mweka hazina alikuwa amempigia simu kumwomba asiyauze. Binti alitoa daftari akaandika. Juma lililofuata alikwenda nyumbani kwa mzee. Alikaribia kurudi alipomwona mkewe uani, lakini alibisha hodi. Mzee alimwacha akae kwa muda mrefu bila kumwambia neno, kisha akamletea kitabu cha hesabu. Binti alikwenda pia kwa mwenyekiti wa kamati, na kwa mwenye lori. Akaona katika maandiko ya mkutano wa kwanza kwamba fedha za mabomba zilikubaliwa, fedha za saruji zilikubaliwa, na gharama ya lori haikutajwa na mtu yeyote. Mwenyekiti hakupenda kuulizwa jambo hilo, lakini alikiri kwamba ni kweli, akasema kila mtu alidhani mwenziwe amelifikiria.

Habari aliyoiandika safari hii ilikuwa ya kurasa mbili. Ilianza kwa kusema kwamba habari ya zamani ilikuwa si kweli, na kwamba mweka hazina alikuwa ametumia fedha zote kwa kazi iliyokusudiwa. Kisha ikaeleza kwa nini maji hayajafika, na lori litagharimu kiasi gani. Kabla ya kuibandika shuleni alimpa baba yake aisome.

Baba aliisoma amesimama mlangoni, kidole chini ya mistari. Alipomaliza sentensi ya kwanza aliuliza, "Ulijuaje?" Binti akamwambia. Alipomaliza ya pili akauliza tena. Akaenda hivyo mpaka mwisho wa ukurasa wa pili, na kila swali lilipata jibu, isipokuwa moja, nalo binti alilifuta kwa kalamu yake mwenyewe. Baba akamrudishia karatasi, akachukua jembe akaenda shambani.

Baraza liliitwa, nyumba zikakubali kuongeza kidogo kwa ajili ya lori, na mabomba yakapanda mlima. Mke wa mzee alimwamkia mama wa binti sokoni kabla ya mwezi kwisha. Kuhusu chuo kikuu, baba alitoa neno lake jioni moja wakila: alama zikitosha, karo itatafutwa, na asiambiwe tena kwamba aliipinga kazi hiyo.

MASHAURI KWA WAZAZI

Mzazi mwenye mtoto apendaye kazi hii asimzuie kwa hofu tu, wala asimwachie kwa sifa tu. Na aandike barua mapema kwa chuo anachokitaka, aende na mtoto wake, na aende na maswali. Kwa kidato cha nne, aliyetaka kuingia chuo kikuu kwa shahada alitakiwa kupata wastani wa C+ au zaidi, na kwa kazi hii alama za Kiingereza na Kiswahili hutazamwa sana. Asiyefikia hapo hakufungiwa njia, kwa kuwa viko vyuo vitoavyo stashahada, kama Taasisi ya Mawasiliano ya Umma ya Kenya iliyoanza mwaka 1961 kwa kuwafundisha mafundi wa mitambo ya redio. Na kabla ya karo yoyote kulipwa, mtoto anaweza kupimwa nyumbani bila gharama. Apewe jambo moja la kijiji alichunguze, kama daraja lililovunjika, bei ya maziwa au hesabu ya kamati. Akirudi na maneno ya sokoni, na arudishwe kuuliza tena. Akirudi akiwa amemwuliza mwenyewe, mzazi atakuwa ameanza kuijua kazi ambayo mtoto wake anaitaka.